Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Kuishi na ugonjwa wa Parkinson Mwanza na kando ya ziwa

Maswali haya huulizwa na wagonjwa na familia zao, kuanzia Igogo na Buhongwa hadi Sengerema na Ukerewe. Tumeyajibu kwa yale yanayojulikana kitabibu na yale tunayoyaona majumbani kwa watu. Dozi yako ataipanga daktari. Ukurasa huu ni wa kukusaidia umfikie mapema ukijua la kumwuliza, na ujue la kufanya ukirudi nyumbani.

Parkinson ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa ubongo. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, na mwili unaihitaji ili mtu ainue kikombe, ageuke kitandani au apige hatua bila kufikiri. Kwa mwenye Parkinson seli hizo hufa taratibu kwa miaka mingi. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imeshapotea.

Daktari wa London aitwaye James Parkinson aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817, na tarehe aliyozaliwa, Aprili 11, ndiyo Siku ya Parkinson Duniani. Wanaodhani ni ugonjwa wa Ulaya wamekosea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa nao. Hapa kwetu Tanzania watafiti waliwatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: wengi wa waliokutwa na ugonjwa hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Walikuwa wanaishi nao tu, wakiitwa wazee.

Nitajuaje kama mzee wangu anao?

Angalia mambo matatu kwanza: kutetemeka akiwa ametulia, mwili kukakamaa, na wepesi kupungua. Kutetemeka huanzia upande mmoja, mara nyingi mkononi, na kidole gumba huzunguka juu ya vidole vingine kama mtu anayeviringisha tonge la ugali. Akinyoosha mkono kuchukua kitu, mtetemo hupungua. Lakini wapo wagonjwa ambao hawatetemeki kabisa. Hao ndio wanaochelewa zaidi kutambuliwa, kwa sababu kila mtu anasema ni uzee.

Dalili nyingine familia huzikumbuka baadaye, zikishaunganishwa. Mkono mmoja hauchezi akitembea. Mwandiko umekuwa mdogo. Sauti imefifia. Anakosa choo siku kadhaa. Pua haisikii harufu ya samaki wa kukaanga jirani. Usiku anapiga mateke na kupigana ndotoni, mpaka mkewe amehamia chumba kingine. Baadhi ya hizi, hasa kukosa choo, kupoteza harufu na fujo za usingizini, zinaweza kutangulia miaka kadhaa kabla ya mkono kutetemeka.

Kila anayetetemeka ana Parkinson?

Hapana. Kuna mtetemo unaotokea mtu anapotumia mkono, kwa mfano chai ikimwagika kila akiinua kikombe, na huo mara nyingi ni ugonjwa mwingine unaotembea kwenye familia. Tezi ya shingo ikizidisha kazi hutetemesha pia. Pombe nayo, na dawa fulani, hasa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na klopromazini. Mtu aliyepata dalili baada ya kuanza dawa hizo amweleze daktari, kwa sababu dawa ikibadilishwa dalili zinaweza kuondoka.

Watu wanasema amerogwa. Tuwajibu nini?

Wajibuni kwamba ni ugonjwa wa ubongo, una jina na una dawa, na mjibu mapema kabla maneno hayajazunguka mtaa mzima.

Swali hili tunalipa uzito kwa sababu Kanda ya Ziwa limegharimu maisha ya watu. Vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni miaka na miaka. Mzee anayetetemeka, anayetembea ameinama, ambaye uso wake hauonyeshi kucheka wala kusikitika, yumo kwenye hatari hiyo hiyo. Wengine husema yeye ndiye mchawi na uchawi umemrudia. Wengine humtafuta mkwe au jirani wa kulaumiwa. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, wapo wanaoamini kwamba anayetetemeka amevunja mwiko wa wakwe, na huko lipo shirika liitwalo Parkinson's Si Buko linalopambana na imani hiyo.

Tunashauri hivi. Itisheni kikao cha ukoo, mgonjwa mwenyewe akiwepo, na mtu mmoja aliyehudhuria kliniki aeleze aliyoambiwa na daktari. Mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji aambiwe. Padri, mchungaji au shehe aambiwe, kwa sababu neno lake lina uzito mahali ambapo lako halifiki. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akipita, mwombeni aongee na majirani. Kukiwa na vitisho vya wazi dhidi ya mzee, msisubiri: toeni taarifa kwa mtendaji na polisi siku hiyo hiyo, na mzee asilale peke yake.

Kuhusu mganga wa jadi, hatumtukani mtu kwa alikopita. Tunachosikitikia ni ng'ombe waliouzwa na miaka iliyopotea wakati kidonge kipo. Kama mlipewa dawa ya kunywa, mwambieni daktari bila aibu, maana inaweza kugongana na ya hospitali.

Unaambukiza?

Hauambukizi kabisa. Kuleni naye sahani moja, mlale naye, mumpe mjukuu ampakate.

Basi unatoka wapi?

Kwa wagonjwa wengi hakuna sababu moja inayoonekana. Umri ndio unaoongeza uwezekano kuliko kitu kingine, na wanaume huupata zaidi ya wanawake. Kuna urithi kwa baadhi: mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliofanywa hasa kwa watu wa Nigeria, ukaonyesha badiliko kwenye jini iitwayo GBA1 ambalo lipo kwa watu wenye asili ya Afrika na linaongeza uwezekano wa kuugua. Kuwa na badiliko hilo hakumaanishi lazima utaugua.

Sumu za shambani ni jambo tunalotaka lisikike Kanda ya Ziwa, kwenye pamba, nyanya na vitunguu. Dawa ya magugu iitwayo parakwati imehusishwa na kuongezeka kwa ugonjwa huu. Hatusemi kila aliyepiga dawa pamba ataugua. Tunasema vaa nguo za kujikinga na barakoa, usipulizie kuelekea upepo, na chupa ya sumu isigeuzwe kuwa ya mafuta ya taa wala ya maji.

Niende hospitali gani, na nitapimwa nini?

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa. Ngazi zinapanda hadi hospitali ya wilaya, Sekou Toure ambayo ni ya rufaa ya mkoa, kisha Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda. Uliza kliniki ya magonjwa ya ndani au ya mishipa ya fahamu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wa Sengerema na Geita hawapangi tena safari kwa foleni ya kivuko, na hilo ni nafuu kubwa kwa mtu ambaye mwili umekakamaa garini.

Kipimo cha damu cha kuthibitisha Parkinson katika kliniki zetu hakuna, kwa hiyo usishangae daktari asipokutoa damu nyingi. Atasikiliza historia, atakwambia ugonge kidole gumba na cha shahada haraka haraka, atakunja mkono wako asikie ukakamavu, atakutembeza kwenye korido. Picha ya kichwa ikipigwa, mara nyingi ni ya kuangalia kama kuna kiharusi au uvimbe. Mgonjwa akianza dawa na mwili ukafunguka waziwazi, hiyo nayo ni dalili kwamba ni Parkinson.

Nenda na mtu anayeishi na mgonjwa, na video fupi ya simu. Mgonjwa akifika mbele ya daktari huweza kujikaza akatembea vizuri, na taabu ya saa 10 alfajiri isionekane.

Dawa yake ni ipi, na itamponya?

Haiponyi, na hakuna duniani kwa sasa dawa inayouponya. Lakini inamrudishia mtu mwendo, na kwa wengi tofauti ni ya kushangaza.

Dawa kuu ni levodopa, ambayo imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1960 na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutolewa pamoja na kabidopa kwenye kidonge kimoja. Levodopa hugeuka dopamini ikifika kwenye ubongo, na kabidopa huizuia isiishie njiani na hupunguza kichefuchefu. Soma namba kwenye pakiti. Kidonge cha 250/25 kina levodopa mara mbili na nusu ya kile cha 100/25, kwa hiyo ukipewa pakiti tofauti na ya mwezi uliopita usimeze idadi ile ile kabla ya kuuliza.

Saa ndiyo kila kitu. Nguvu ya dawa hukaa saa chache kisha hushuka, na kadiri ugonjwa unavyokuwa mkubwa ndivyo inavyowahi kushuka. Kama daktari amesema saa 1 asubuhi, saa 6 mchana na saa 11 jioni, basi iwe hivyo hata kama kuna msiba, harusi au mgeni. Weka kengele kwenye simu, na mtoto mmoja apewe jukumu hilo. Ukivuka kwenda Ukerewe, vidonge viwe kwenye mkoba unaoushika, sio kwenye begi lililofungwa chini ya mizigo. Mgonjwa akilazwa kwa malaria au sababu nyingine, mwambie muuguzi saa zake tangu mnaingia wodini, kwa sababu ratiba ya wodi haitafuata mwili wake.

Usiikatishe ghafla. Kuacha ghafla kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa mpaka mtu akapoteza maisha. Vikibaki vya wiki mbili, anza kutafuta vingine, kwa sababu duka la kwanza linaweza kuwa halina.

Swali la ndani ya swali hili: je, tuchelewe kuanza ili dawa isije ikachoka? Wengi wameteseka bure kwa hofu hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha wagonjwa wa Ghana, walioanza dawa wakiwa wamechelewa kwa kuikosa, na wa Italia walioanza mapema. Ulionyesha kwamba matatizo kama mwili kujinyonganyonga hufuata muda ambao mtu ameugua zaidi kuliko miaka aliyomeza dawa. Kama mzee ameshindwa kula au kutembea kwa sababu ya ugonjwa, zungumzeni na daktari kuhusu kuanza sasa.

Mkiona anajinyonganyonga saa moja baada ya kumeza, au anakakamaa kabla ya dozi inayofuata, andikeni saa kwenye daftari kwa wiki moja na mlipeleke kliniki. Daftari hilo lina thamani kuliko maelezo ya kukumbuka.

Ameandikiwa Artane. Ni sawa?

Artane ni dawa ya zamani, rahisi kupatikana, na husaidia mtetemo kwa baadhi ya watu wenye umri mdogo. Kwa mzee inaweza kuchanganya akili, kukausha mdomo, kufunga choo na kuzuia mkojo. Akianza kusahau au kuweweseka baada ya kuanza, rudini kwa daktari. Msiiache ghafla kwa uamuzi wenu.

Kuna dawa asizopaswa kupewa?

Ndiyo, na mbili ni za kawaida sana. Sindano au kidonge cha kuzuia kutapika kiitwacho Plasil, yaani metoklopramidi, huzuia dopamini na humrudisha nyuma. Haloperidoli hufanya hivyo hivyo, nayo hutolewa mgonjwa anapofanya fujo hospitalini. Andika kwenye kadi ya kliniki, kwa herufi kubwa: NINA PARKINSON, SIPEWI PLASIL WALA HALOPERIDOLI. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma havikatazwi, ila visimezwe wakati mmoja na levodopa kwa sababu hupunguza kunyonywa kwake.

Nimesikia upupu unatibu. Ni kweli?

Kuna ukweli ndani yake. Mbegu za upupu zina levodopa yenyewe, na watafiti wamewahi kuwapa wagonjwa unga wa mbegu hizo ukafanya kazi. Shida ni kipimo. Mbegu za shamba hili na lile hazilingani, na ukizila juu ya vidonge unaweza kutapika, kuanguka kwa presha kushuka, au kuona mauzauza. Usijitengenezee nyumbani. Ukikutana na mtu anayekuuzia chupa akisema mgonjwa aache vidonge vya hospitali, ondoka.

Sisi kitoweo chetu ni samaki. Tuache?

Msiache hata kidogo. Mwenye Parkinson hukonda kwa urahisi, na sato, sangara na dagaa ndivyo vinavyomlinda.

Lakini protini na levodopa hugombania njia moja ya kuingia mwilini. Kwa hiyo dawa imezwe nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Anayepata kichefuchefu siku za mwanzo anaweza kumeza na kipande cha kiazi au michembe, vitu visivyo na protini nyingi. Wale ambao dawa imeanza kuwaishia nguvu mapema huona nafuu wakila ugali au viazi na mboga za majani mchana, na samaki wakamla jioni, shughuli za siku zikiwa zimekwisha. Asiye na shida hiyo hana haja ya kuhangaika.

Kumeza kukishakuwa kugumu, mwiba ni hatari kweli. Chambueni samaki kwa mikono, minofu ipitiwe mara mbili. Dagaa wakavu watwangwe wawe unga na kutiwa kwenye uji au mchuzi. Mzee akae wima, kidevu kiinamishwe kidogo, tonge moja moja, na asiongeleshwe akiwa na chakula mdomoni. Akikohoa kila akila, au akipata nimonia mara kwa mara, hilo ni la kupeleka hospitali.

Kwa choo kigumu: maji ya kutosha, mapapai, maembe ya msimu, mlenda, na kutembea. Choo kikifunga, hata dawa ya Parkinson hufanya kazi vibaya.

Anaganda mlangoni, miguu kama imegundishwa chini. Tumvute?

Msimvute. Ukimvuta, kiwiliwili kinaenda na miguu inabaki, anaanguka kifudifudi.

Kuganda hutokea zaidi mlangoni, kwenye kona, au akiharakishwa. Ubongo umeshindwa kutoa ile amri ya kawaida ya hatua, na kinachosaidia ni kuupa amri ya aina nyingine. Asimame, avute pumzi, ahamishe uzito kutoka mguu huu kwenda huu, kisha ahesabu moja, mbili, tatu na kuanza kwa hatua ndefu. Au weka mguu wako mbele yake, umwambie auvuke. Mama mmoja wa Bugarika alichora kwa chokaa mistari iliyokatiza sebuleni hadi mlango wa uani, imeachana kwa urefu wa hatua ya mumewe. Mzee anaitazama na kuivuka mmoja baada ya mwingine mpaka nje, peke yake. Wageni huuliza ni ya nini, naye huwaeleza.

Hilo linatupeleka kwenye nyumba zetu za mlimani. Mabatini, Igogo, Bugarika: kufika barabarani ni kushuka juu ya mawe. Cha ajabu, wagonjwa wengi hupanda ngazi vizuri kuliko wanavyotembea sakafu tambarare, kwa sababu kila kipandio ni mstari wa kuuvuka. Hatari ni ngazi zisizolingana na mawe yanayoteleza mvua ikinyesha. Pakeni chokaa ukingo wa kila jiwe la kukanyagia, na mfunge bomba au kamba imara ya kushikilia upande mmoja. Ndala za kuchomeka kidole zitupwe, avae kiatu chenye mkanda nyuma ya kisigino.

Ndani ya nyumba:

Chandarua kichomekwe vizuri, kisiburuze sakafuni, kwa sababu wengi huanguka usiku wakijinasua humo wakienda haja ndogo. Kitambaa laini kinachoteleza, kikitandikwa kiunoni tu juu ya shuka, humsaidia kugeuka kitandani. Choo cha kuchuchumaa ni mateso, na fundi anaweza kutoboa kiti cha plastiki au kutengeneza cha mbao kiwekwe juu ya tundu, na nondo ya kushika ikachomewa ukutani. Kikombe kijazwe nusu. Vifungo vya shati vibadilishwe kwa velkro. Na akitaka kusimama, akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, kwa kuwa presha hushuka ghafla.

Akigeuka, azunguke kwa duara pana. Asijizungushe papo hapo.

Mazoezi yanasaidia, au tunamchosha?

Yanasaidia kama dawa inavyosaidia, na hatutilii chumvi. Kutembea karibu kila siku, mikono ikichezeshwa kwa makusudi, hatua ndefu, kisigino kikitangulia. Fanya wakati dawa iko kazini. Asubuhi ya mapema kabla jua halijawa kali inafaa, mahali tambarare kama kando ya ziwa.

Ngoma ni zoezi bora zaidi tulilonalo na watu hawalitumii. Mdundo wa nje huupa ubongo ile amri uliyoikosa, ndiyo maana mtu aliyeganda anaweza kucheza. Marekani watafiti waliwafundisha wagonjwa tango wakaona mizani ya mwili imeimarika. Sisi hatuhitaji tango. Usukumani tuna bugobogobo, ngoma ya majembe, inayoinua mikono juu na kuhamisha uzito mguu hadi mguu kwa kufuata ngoma, na hivyo ndivyo mwenye Parkinson anavyotakiwa kufanya. Jembe liachwe, mikono itoshe, na pawepo mtu wa kusimama nyuma yake. Redio au simu ikitoa mdundo inatosha. Aliyewahi kucheza ujanani mwili wake utakumbuka.

Hacheki, haongei, tunadhani ametukasirikia.

Huenda hajakasirika hata kidogo. Misuli ya uso imekakamaa na macho hayapepesi sana, kwa hiyo furaha iliyomo ndani haitokezi nje. Mwulizeni anajisikiaje, na mpeni muda wa kujibu. Jibu lake huchelewa, na mjukuu akimjibia kila mara, ataacha kujaribu.

Sauti yake nayo huiona ni kubwa kumbe haisikiki. Asome gazeti au Maandiko kwa sauti ya kuhutubia, aimbe kwaya au kaswida. Kuimba kwa nguvu ni tiba ya koo.

Lakini huzuni ya kweli pia ni sehemu ya ugonjwa huu, kwani kemikali zile zile zinazogusa mwendo hugusa na moyo. Akikosa hamu ya kila kitu, akisema ni afadhali afe, mpelekeni. Kuna dawa za hilo.

Usiku anaona watu chumbani. Ni majini?

Mauzauza hutokana na ugonjwa ukiwa umekaa muda mrefu, au dawa, hasa Artane, au maambukizi kama ya njia ya mkojo na malaria. Yakianza ghafla, mpimeni malaria na mkojo kwanza. Msibishane naye wala msimfokee. Washeni taa, mmwambie mpo naye, na mkipambazukiwa muwasiliane na daktari.

Ni mvuvi. Anaweza kuendelea kuingia ziwani?

Si kwa mtumbwi, wala usiku. Mizani ikipotea juu ya maji hakuna cha kushika. Nchi kavu kazi zipo: kupima na kuuza samaki mwaloni, wanakoshushwa, kusimamia wanaoanika dagaa, kuweka hesabu za kambi. Kushona nyavu ni zoezi la vidole vilevile, hata akishona taratibu. Tunawaomba wenye mitumbwi wasimwondoe mtu kwenye mgawo siku anapopewa jina la ugonjwa. Uzoefu wake wa maji na upepo haujapungua.

Ataishi muda gani?

Wengi huishi miaka mingi. Muhammad Ali aligunduliwa mwaka 1984, akafariki 2016. Papa Yohane Paulo II, ambaye wazee wa Mwanza wanakumbuka alivyofika hapa Septemba 1990, aliendelea kuongoza Kanisa huku akiugua mbele ya macho ya dunia hadi mwaka 2005. Kinachokatisha maisha mapema mara nyingi ni kuanguka na nimonia, na vyote viwili vinaweza kupunguzwa.

Gharama tunazimudu vipi?

Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatambuliwa na sera za serikali kutibiwa bure vituo vya umma. Mpatieni kitambulisho cha wazee kupitia ofisi ya mtaa au kijiji na muulize dirisha la wazee. Aliye chini ya umri huo amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mwenye bima aulize kabla kama kidonge chake kinatolewa. Msamaha hausaidii dawa isipokuwepo stoo, kwa hiyo tengeni akiba kidogo ya kununua nje.

Tunaanzishaje kikundi?

Anzeni na familia mbili. Kwa kawaida mtakutana kwenye benchi la kliniki. Ombeni namba za simu.

Chagueni mahali tambarare penye choo cha kukaa, ukumbi wa parokia, madrasa au ofisi ya mtaa, na saa ambayo dawa za wengi ziko kazini, tuseme saa 4 asubuhi. Mkutano wa wagonjwa ukiwekwa saa 10 jioni, nusu watakuwa wamekakamaa. Mazoezi yatangulie, mazungumzo yafuate. Bao na drafti viwepo, maana kete hunyoosha vidole. Wanaouguza wapewe kona yao waongee bila wagonjwa kusikia, na wagonjwa nao bila wao.

Faida ya haraka ni dawa. Mtu mmoja akienda mjini anaulizia vidonge vya wote, kila mtu na cheti chake na fedha yake, na mnajulishana duka lenye mzigo. Mkiwa wengi, changeni kama VICOBA kwa ajili ya nauli za kliniki. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza kusajili, na kikundi cha watu wenye ulemavu kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri kwenye lile fungu la asilimia 2 kati ya 10. Ni mkopo, utarudishwa. Msiuchukue kununulia dawa.

Sheria moja tungependa kila kikundi kiweke: hakuna mtu anayeruhusiwa kuuza tiba mkutanoni.

Na asiyeweza kuja afuatwe. Kwenye mtaa mmoja vijana wa bodaboda walikubaliana kumtoa mzee nje kila Jumamosi kwa bajaji ya mwenzao, kwa kuwa pikipiki ilimshinda, wakampeleka kijiweni anywe kahawa. Ugonjwa wake haukuwa umemfungia ndani. Alikuwa amefungiwa na aibu ya nyumba nzima.

Mimi ninayeuguza nimechoka. Nakosea kusema hivyo?

Hukosei. Mara nyingi mzigo wote huangukia mke au binti mmoja, na wengine hutuma pesa kwa simu na kuuliza hali. Itisha kikao, gawaneni kwa siku na kwa majina. Aliye Dar es Salaam anunue dawa, aliye karibu alale naye Ijumaa na Jumamosi. Wewe ulale. Mgongo ukianza kuuma kwa kumnyanyua, mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe namna ya kumwinua, wala usijivunie kuvumilia.

Afunge Ramadhani?

Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na anayemeza dozi kadhaa mchana hawezi kufunga bila kuharibu ratiba. Anayetaka sana azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi, na shehe amweleze fidia. Asipunguze dozi kimyakimya.

Hatoki tena kitandani. Kuna la kufanya?

Lipo. Mgeuzeni kila saa mbili mchana na usiku, ubavu huu na huu, na mkague mkia wa mgongo, nyonga na visigino kama kuna wekundu. Mnyoosheni vidole, magoti na viwiko taratibu kila asubuhi dawa ikishafanya kazi, ili viungo visifunge. Mdomo usafishwe hata kama hali kwa mdomo. Vidonge viendelee kwa saa zake. Asipoweza kumeza, ulizeni hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri kliniki ya mwezi. Ulizeni pia kama kuna huduma ya wagonjwa majumbani, na mwombeni muuguzi afike awaonyeshe namna ya kumlisha na kumgeuza. Na mwongeleshe. Anasikia, na habari za mwaloni, za mpira na za wajukuu bado ni zake.